Busia: Minyoo Waliohesabiwa na Mmoja Asiyehesabika

Mhudumu wa maabara hana muda wa kupoteza. Kinyesi cha mtoto, kiasi kisichozidi punje mbili za mchele, kimepitishwa kwenye chekecheke laini ya nailoni, kikajazwa kwenye tundu la kipimo na kuwekwa juu ya kioo. Juu yake kimefunikwa kipande cha selofeni kilicholowekwa kwenye gliserini yenye rangi ya kijani. Anakigeuza kioo, anakibonyeza polepole mpaka kinyesi kitandazike, kisha anakipeleka chini ya hadubini kutafuta mayai ya minyoo. Yai la askarisi lina ganda nene, la rangi ya kahawia. La mjeledi lina umbo la pipa lililozibwa pande zote mbili. La kichocho cha tumbo lina mwiba ubavuni. La safura ndilo linalomharakisha, kwa sababu ganda lake ni jembamba na gliserini hulififiza huku akilitazama. Ikipita saa moja, huenda asilione tena, na mtoto mwenye safura akaandikwa kuwa mzima. Kila yai analolihesabu hulizidisha mara 24, apate idadi ya mayai katika gramu moja.

Njia hiyo huitwa Kato-Katz, kwa majina ya Mjapani aliyeibuni miaka ya 1950 na Mbrazili aliyeiboresha mwaka 1972. Ni njia rahisi, haihitaji mashine kubwa, na ndiyo iliyoifanya Busia, wilaya ya Kenya mpakani na Uganda, ijulikane na wachumi wa dunia nzima.

Mwaka 1998, shirika la Kiholanzi lililokuwa likisaidia shule za wilaya hiyo lilianza kutoa dawa za minyoo katika shule 75 za msingi za Funyula na Budalang'i, kusini mwa Busia, pamoja na kitengo cha Wizara ya Afya kinachoshughulikia magonjwa yanayoenezwa na wadudu. Shule hizo zilikuwa na wanafunzi zaidi ya 30,000. Fedha na watu havikutosha kuzifikia zote kwa wakati mmoja, kwa hiyo ziligawanywa makundi matatu ya shule 25 kila moja: la kwanza lilipata dawa mwaka 1998, la pili 1999, la tatu 2001. Wachumi wawili Wamarekani, Edward Miguel na Michael Kremer, ndio waliofuatilia tofauti kati ya makundi hayo. Kremer hakuwa mgeni Magharibi mwa Kenya. Alipokuwa kijana aliwahi kufundisha shule ya sekondari upande wa Kakamega.

Vioo vilipohesabiwa, ilionekana kuwa katika kila wanafunzi 100 waliopimwa, 92 walikuwa na angalau aina moja ya minyoo.

Mtu aliyekulia Budalang'i hashangazwi na hesabu hiyo. Huko ndiko Mto Nzoia unakoingia Ziwa Victoria, na huko ndiko tuta lake hubomoka mvua zikizidi, kama zilivyozidi wakati wa El Niño ya 1997 na 1998. Maji yakipanda, vyoo vya shimo hujaa na kilichomo husambaa mashambani. Watoto wa Port Victoria na Sisenye waliogelea, walivua na kufua katika maji yenye konokono wa kichocho. Wengi walikwenda shule peku, na kiluwiluwi cha safura hakingoji mwaliko: hupenya ngozi laini kati ya vidole vya mguu, mtu akahisi mwasho wa siku mbili tatu tu, kisha kikaingia kwenye damu.

Palikuwa na mazoea mengine yaliyofungua mlango. Mwanaanthropolojia Wenzel Geissler, aliyefanya utafiti miaka ya 1990 miongoni mwa Wajaluo wa upande wa Bondo, ng'ambo ya kinamasi cha Yala, alieleza jinsi watoto wa shule walivyokula udongo, hasa wa kichuguu, na jinsi watu wazima walivyowazungumzia minyoo wa tumboni kama wakaaji wa kawaida wa mwili. Odowa, lile jiwe laini la udongo wanalopenda kina mama wajawazito, bado linauzwa kwa mafungu katika masoko ya Magharibi na Nyanza. Askarisi na mjeledi hupitia mdomoni. Safura hupitia mguuni, na kichocho hutoka majini.

Dawa zilikuwa mbili, albendazoli kwa minyoo wa udongoni na prazikwanteli kwa kichocho katika shule za karibu na ziwa. Utoro shuleni ulipungua kwa karibu robo. Hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika, maana wenzao hawakuwa tena wakiyatapakaza mayai njiani na uwanjani. Mwaka 2001 shule 25 ziliambiwa wazazi wachangie gharama, wastani wa kama senti 30 za dola kwa mtoto. Waliomeza dawa wakashuka kutoka 75 katika kila 100 hadi 19. Hayo ndiyo matokeo ambayo kila anayetaka kuuza kinga kwa maskini anapaswa kuyasoma upya.

Ripoti ya kwanza ilichapishwa mwaka 2004. Kenya ilianza mpango wa taifa wa kutoa dawa za minyoo shuleni mwaka 2009, ikaurudia kwa nguvu kuanzia 2012. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza waliipitia data hiyo ya Busia upya na kutilia shaka sehemu ya hitimisho, ukazuka mjadala mkali kati ya wachumi na wataalamu wa magonjwa. Mwaka 2019 Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo.

Kabla ya hayo yote, eneo hili lilikuwa tayari limezoea kuhesabiwa magonjwa. Mpaka wenyewe ni wa juzi: hadi mwaka 1902 nchi ya Wasamia, Wakhayo, Wamarachi, Wanyala na Waiteso wa upande huu ilikuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Uganda, ndipo Waingereza walipoihamishia utawala wa Afrika Mashariki ambao baadaye uliitwa Kenya. Mstari ulipita katikati ya koo na mashamba. Miaka hiyohiyo malale iliwaangamiza watu wa mwambao wa ziwa. Upande wa Uganda waliokufa walikadiriwa kupita 200,000, na fukwe nzima zikaachwa tupu. Mwaka 1903 David Bruce, akiwa Entebbe, alionyesha kuwa ugonjwa huo unabebwa na mbung'o.

Baadaye ukaja ukoma, au tuseme zikaja juhudi za kuutibu, kwani wenyewe ulikuwepo. Kwenye barabara ya kutoka Busia kwenda Malaba kuna Alupe, mahali ambapo wagonjwa wa ukoma walitunzwa kwa miaka mingi na ambapo Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliyoundwa mwaka 1979, iliweka kituo chake cha utafiti. Leo wengi wanapajua kwa chuo kikuu. Lakini Alupe ina nafasi yake katika habari hii, kwa kuwa mgonjwa wa ukoma hupatwa na kipindi ambacho kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, mishipa ya fahamu ikavimba, mkono ukalegea. Dawa ya kuituliza kinga hiyo ni prednisoloni, ileile anayopewa mgonjwa wa pumu anapozidiwa. Tatizo la kumpunguzia mtu kinga mahali penye minyoo linawahusu wote wawili, na kwa watabibu wa ukoma si jipya.

Pumu na minyoo vinaonekana kuwa mambo mawili yasiyokutana. Mwilini vinakutana kila siku.

Mwaka 1879 daktari kijana Mjerumani, Paul Ehrlich, alitia rangi ya eosini kwenye damu na kuona chembe nyeupe fulani zikinywa rangi hiyo mpaka zikawa nyekundu. Akaziita eosinofili. Ilichukua miongo mingi kufahamika kwamba chembe hizo huongezeka sana kwa watu wa aina mbili: wenye minyoo, na wenye mzio na pumu. Mwaka 1966, huko Denver, Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke kutoka Japani, walitambua kingamwili iliyokuja kuitwa IgE. Wenzao wa Uppsala, Sweden, waliifikia kwa njia nyingine. Nayo ikawa na sura hizohizo mbili. Mtoto wa Funyula mwenye askarisi ana IgE nyingi kwenye damu kwa sababu mwili wake unapigana na mnyoo. Mtoto wa mjini anayekohoa usiku akilala kwenye godoro lenye vumbi anayo kwa sababu mwili wake umelichukulia vumbi kuwa adui. Silaha ni moja; yule wa kwanza anailenga shabaha, wa pili anapiga hewa, na hewa hiyo ndiyo anayohitaji kuivuta.

Ndipo likazuka swali: je, minyoo huwakinga watu na pumu? Kenya yenyewe ilitoa mfano. Watafiti waliwalinganisha watoto wa Thika na wa kijiji cha Kabati miaka ya 1990; wa kijijini walikuwa na dalili nyingi za kukutana na askarisi, lakini IgE yao haikwenda sambamba na pumu kama ilivyozoeleka Ulaya. Ng'ambo ya ziwa, Entebbe, kina mama wajawazito 2,507 waliingizwa katika jaribio kati ya 2003 na 2005, baadhi wakapewa albendazoli. Watoto wa waliopewa walipata ukurutu zaidi utotoni. Ilionekana kana kwamba jibu limepatikana. Kisha likafanyika jaribio jingine katika vijiji 26 vya wavuvi wa visiwa vya Koome: nusu ya vijiji vilipewa dawa za minyoo mara nyingi zaidi ya vingine kwa miaka mitatu, na mwisho wake wanaokoroma kifua hawakuongezeka. Utafiti wa Harriet Mpairwe na wenzake kwa watoto wa shule za Wakiso ulionyesha jambo lililo karibu zaidi na maisha ya Busia ya leo: aliyezaliwa mjini alikuwa na hatari ya pumu zaidi ya mara mbili ya aliyezaliwa kijijini.

Busia na Malaba zimekuwa miji. Katika miaka ya 1960 vijana wa baiskeli walianza kuwavusha wasafiri kati ya kituo kimoja cha mpaka na kingine, na wito wao wa kutangaza safari, kutoka mpaka hadi mpaka, ukazaa neno boda boda ambalo sasa linatumika bara zima. Baiskeli zikawa pikipiki. Malori yakawa misururu ya kilomita nyingi, injini zikinguruma usiku kucha. Mwaka 2020, madereva walipokuwa wakisubiri kupimwa korona, foleni hizo zilifika makumi ya kilomita. Mtoto anayekulia kando ya barabara ya Malaba huvuta moshi wa dizeli asubuhi na moshi wa kuni jioni. Wikendi hupelekwa kwa nyanya yake Samia, akacheza peku. Mwili mmoja umeishi katika malimwengu yote mawili, na huyo ndiye mgonjwa ambaye vitabu vya dawa mpya za pumu havikumfikiria sana.

Dawa zenyewe ni za ajabu kwa uzuri wake. Omalizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003 kwa pumu, huinasa IgE kabla haijashika chembe za mwili. Mepolizumabu, ya mwaka 2015, huikata ishara inayozilea eosinofili, nazo zikapungua kwenye damu. Watu waliokuwa wakilazwa hospitali mara kwa mara wamerudi kazini. Ila kilichozimwa ndicho hasa mwili ulichokijenga kwa ajili ya minyoo, na waliozitengeneza walilijua hilo. Wakafanya jaribio Brazil, kwa watu 137 wenye mzio walioishi penye minyoo wengi. Kwa mwaka mmoja, katika 68 waliodungwa omalizumabu, 34 walipata minyoo angalau mara moja. Katika 69 waliodungwa sindano isiyo na dawa, 28. Tofauti ni ndogo, na kwa idadi hiyo ya watu haiwezi kuthibitishwa kuwa si bahati tu. Waliopata minyoo walitibika kwa dawa za kawaida.

Kutokana na hayo, karatasi ya maelezo ya omalizumabu inataka mtu aliye katika hatari ya minyoo afuatiliwe. Ya mepolizumabu inasema zaidi: mwenye minyoo atibiwe kwanza, na akiwapata akiwa kwenye dawa wasipoondoka kwa matibabu, sindano isimamishwe mpaka wapone. Inataja pia mkanda wa jeshi, uliojitokeza kwa wagonjwa wachache kwenye majaribio. Sentensi ya kutibu kwanza ni fupi, na huko London ni tahadhari ya msafiri aliyetoka likizo. Ukiisoma Budalang'i, ambako mtoto aliyetibiwa hurudiwa na minyoo ndani ya miezi michache kwa kuwa udongo na maji ni yaleyale, inabidi uulize: kutibu kwanza, halafu?

Kuna mtego mwingine wa kabla ya sindano. Viluwiluwi wa askarisi na safura hupita mapafuni wakielekea tumboni, na wapitapo huleta kikohozi, kifua kukoroma, na eosinofili kupanda. Daktari wa Uswisi, Wilhelm Löffler, alieleza hali hiyo mwaka 1932. Kwa macho na kwa kipimo cha damu inafanana na pumu ya aina inayotibiwa kwa mepolizumabu. Mtu akihesabiwa eosinofili bila kupimwa kinyesi, anaweza kuandikiwa dawa ya kuwaua askari waliokwenda vitani.

Bei ya sindano hizo inaziweka mbali na mgonjwa wa kawaida wa Busia. Dawa inayomfikia kila siku ni ya zamani zaidi. Kortisoni ilianza kutumika kwa wagonjwa mwishoni mwa miaka ya 1940 katika Kliniki ya Mayo, Marekani, na ugunduzi wake ukapewa Nobel mwaka 1950. Prednisoloni ni mtoto wake. Ni vidonge vidogo vya bei nafuu. Vinaokoa roho ya mtu aliyebanwa kifua, na hapana sababu ya kumtisha mgonjwa avikatae usiku anapozidiwa. Pampu ya steroidi ya kuvuta ni salama zaidi, kwani kiasi chake ni kidogo na kazi yake ni mapafuni. Mtu asukutue mdomo kwa maji kila anapomaliza, asije akaota utando mweupe ulimini. Hatari imo katika vidonge vinavyonunuliwa dukani tena na tena kwa sababu vile vya mwezi uliopita vilisaidia, bila anayeuza kuuliza habari za kifua kikuu nyumbani, wala za minyoo.

Na miongoni mwa minyoo yumo mmoja ambaye hesabu ya Busia haikumgusa.

Anaitwa strongiloidesi. Huingia kwa mguu kama safura. Wanajeshi wa Ufaransa waliorudi na kuhara kutoka Vietnam ndio waliofanya atambuliwe mwaka 1876. Tofauti yake na wenzake ni kwamba hahitaji kurudi udongoni: mayai yake huanguliwa humohumo tumboni, baadhi ya viluwiluwi vikapenya ukuta wa utumbo au ngozi ya karibu, na mzunguko ukaanza upya ndani ya mtu yuleyule. Waingereza waliokuwa mateka wa Wajapani kwenye reli ya Burma wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walikutwa naye zaidi ya miaka 30 baadaye, bila kurudi Asia hata siku moja. Miaka yote hiyo kinga ya mwili, zikiwemo eosinofili, huwa imemdhibiti. Mtu akipewa prednisoloni, wakati mwingine hata kwa siku chache tu, breki inaachiwa. Viluwiluwi huongezeka kwa maelfu, hufurika mapafuni na kwingineko, vikiburuta bakteria za utumbo kwenye damu. Wengi wanaofikia hatua hiyo hufa. Kinachotia uchungu ni kwamba dalili ya mapema huwa kikohozi na kukoroma kifua. Mhudumu asiyejua huona pumu imezidi, akaongeza prednisoloni. Mwaka 2020, deksamethasoni ilipoanza kutolewa kwa wagonjwa mahututi wa korona, baadhi ya madaktari walishauri waliotoka nchi zenye mnyoo huyu wapewe ivermektini mapema, bila kungoja majibu ya maabara.

Maabara, kwa kawaida, haiwezi kumwona. Kato-Katz huhesabu mayai, na strongiloidesi hatoi mayai kwenye kinyesi. Hutoa viluwiluwi wachache, wanaojitokeza leo na kukosekana kesho. Inabidi kinyesi kibichi kiwekwe juu ya maji ya uvuguvugu kwenye faneli wateremke wenyewe, au kipandwe kwenye sahani ya agari na kusubiriwa siku kadhaa kuona michirizi wanayoiacha wakitambaa. Albendazoli ya kidonge kimoja, ile ya shuleni, humwondoa safura vizuri na askarisi vizuri zaidi, lakini kwa strongiloidesi ni dhaifu. Ivermektini ndiyo dawa yake. Kwa hiyo vioo vyote vile vya mwaka 1998, pamoja na umaarufu wote vilivyoiletea Busia, havimwambii mtabibu wa pumu lolote kuhusu mnyoo anayepaswa kumhofia zaidi ya wote.

Watoto wa shule zile 75 sasa ni watu wazima wa miaka 30 na 40 na ushee. Watafiti wamekuwa wakiwatafuta mmoja mmoja tangu 2003, Nairobi, Kampala na kwingineko, na ripoti ya mwaka 2021 ilisema waliotibiwa mapema wanapata kwa saa ujira unaozidi wa wenzao kwa asilimia 13. Wameulizwa kuhusu kazi, mishahara, chakula, ndoa na kuhama. Baadhi yao bila shaka wana pumu, na dawa za minyoo za mpango wa shule hawazipati tena kwa kuwa walishamaliza shule. Akija mmoja wao kliniki ya mpakani kifua kimembana, akapewa prednisoloni, maswali yanayomfaa hayazidi matatu: ulikulia wapi, ulitembea peku, na mara ya mwisho ulimeza dawa gani ya minyoo. Wengi wao watajibu kwamba walimeza albendazoli, darasa la nne, Funyula.